Kamba Fupi, na Nafasi Moja Melini

Sogezeni vigoda, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini kuimaliza ni juu yenu. Mimi imenishinda, na Sajini aliyekutwa nayo ilimshinda kabla yangu.

Katika vita vya Burma, kwenye pwani ile ya matope ambako askari wetu walipelekwa kumfukuza Mjapani, kulikuwa na seksheni moja, yaani kikosi kidogo, iliyopigwa sana tangu mashambulizi yaanze. Mwanzoni walikuwa wengi wa kutosha kugombania chai. Kila kilima walichokitwaa kiliwapunguza, kila kijito walichokivuka kilibaki na mtu wao, mpaka mabaki yao yakachanganywa na mabaki ya wenzao. Ndiyo maana Mgiriama, Mkipsigisi na Msukuma wakajikuta wanakula sufuria moja.

Mgiriama aliitwa Chengo Kombe. Kwao Kilifi alikuwa mkata boriti za mikoko, na Mungu alimjalia miguu. Pale ambapo mwingine alizama hadi kiunoni, Chengo alipita na matope yakamwishia vifundoni, utadhani ardhi yenyewe inamwonea haya.

Mkipsigisi aliitwa Kimutai arap Chumo. Huyu alijaliwa masikio. Alipokuwa akichunga, aliweza kukaa na macho yamefumbwa akakuambia ng'ombe gani amekohoa, na amekoholea upande gani wa kilima. Jeshini walimpa bunduki ya bren, ile ya kuwekwa chini kwa miguu miwili, akaibeba bila kusema neno. Kusema hakukuwa kazi yake.

Kusema kulikuwa kazi ya Nkwabi, Msukuma wa ufukweni mwa ziwa. Huyu alijaliwa shingo na mabega. Gunia ambalo wawili waliliinua kwa kusaidiana, Nkwabi alilitia kichwani huku anasimulia jambo, na hadithi haikukatika.

Aliyekuwa juu yao ni Sajini Zakayo Mghanga, Mtaita, mtu wa sala. Yeye alijaliwa nini? Mara nyingi alijiuliza hivyo, akiwatazama vijana wake. Kupiga shabaha alikuwa wa kawaida, mbio hana, na sauti yake ya kutoa amri ilikuwa kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alichokuwa nacho ni jambo moja alilolichukua kanisani kwao: kabla ya kulala aliungama makosa yake kwa sauti, mbele ya watu, bila kuficha. Akaliingiza jambo hilo katika seksheni.

Wao waliliita kufagia. Jioni, kabla ya chai kumiminwa, kila mtu alisema kosa lake la siku ile. Lake, si la mwenzake. Na kanuni ilikuwa moja: ulichokiungama hakitajwi tena. Hakiwi utani wala tusi, na hakuna atakayekuja kukuhukumu kwacho.

Nkwabi alicheka siku ya kwanza. "Mimi sijabatizwa, Sajini. Dhambi zangu ni za kienyeji. Mungu wako hatazielewa."

"Wewe sema tu," Sajini akamwambia. "Atatafsiriwa."

"Haya. Nimekula sukari ya Chengo."

"Nilijua!" Chengo akaruka.

"Kaa chini," Sajini akasema. "Imeshafagiwa. Mimi nami nimemchukia mpishi tangu asubuhi, kwa sababu ya uji. Mungu anisamehe, na mpishi pia, ingawa hajui. Miminieni chai."

Basi wakazoea. Na kwa sababu hiyo, nawaambieni, walipigana vizuri kuliko wengi. Mtu hakuwa na haja ya kulala akimhofia mwenzake.

Sasa kulikuwa na kilima. Juu yake palikuwa na hekalu la watu wa kule, lenye kengele ndogondogo pembeni mwa paa, na upepo ukivuma zote zililia. Askari wakakiita Kilima cha Kengele. Chini yake ulipita mto wa chumvi, mkono wa bahari uliojaa na kupwa kama bahari yenyewe, na kando yake mikoko, na baada ya mikoko uwanda wa matope, kisha mashamba ya mpunga. Asiyeshika kilima hicho hapiti pwani ile. Kampuni yao, yaani kombania nzima ya askari, ilikijaribu ikarudishwa, ikakijaribu tena ikarudi na machela za majeruhi.

Aliyewarudisha alikuwa bombomu moja, bunduki inayomwaga risasi kama mvua. Kila mtu aliisikia iko juu, kwenye hekalu. Mizinga ikapiga hekalu, ndege zikapiga hekalu, kengele zikapungua, na bombomu ikaendelea kusema palepale.

Ikatolewa amri. Seksheni ya Sajini Mghanga ipande mto alfajiri maji yakiwa yamejaa, na mashua moja yenye masanduku ya mabomu ya mkono, ijifiche kwenye mikoko. Kampuni ikishambulia mchana, wao waitafute bombomu hiyo kwa karibu na kuinyamazisha. Jinsi gani, amri haikusema.

Walifika salama. Maji yalikuwa yamesimama juu kabisa, yanagusa majani ya mikoko. Kazi ikawa kufunga mashua.

"Niachieni mimi," Nkwabi alisema kwa kunong'ona. "Mimi nimezaliwa mtumbwini."

"Umezaliwa karaini," Chengo akamjibu. "Ziwa lenu ni karai la kunawia uso."

"Na wewe unajua matope tu, ndugu yangu. Mtu wa matope na mashua wapi na wapi? Nenda kacheze na kaa."

Askari wakacheka ndani ya mikono yao. Nkwabi akaifunga mashua mbele na nyuma kwenye matawi mazito, kamba fupi, imekazwa, kama walivyofunga kwao ambako maji ya asubuhi na ya jioni ni yaleyale. Si kwamba hakujua kuwa maji ya pale yanaondoka. Alikuwa ameyaona yakiondoka tangu walipotua pwani ile. Lakini kujua ni kwa kichwa, na mikono ina mazoea yake.

Sajini alikuwa anatazama kilima. Hakuiona kamba.

Wakajilaza kwenye mizizi. Jua likapanda. Maji yakaanza kuondoka taratibu, yakaacha majani, yakaacha matawi, yakaacha mizizi, yakawa uzi mwembamba katikati ya mto. Mashua ikabaki juu, imening'inia kwa zile kamba mbili kama mbuzi aliyetundikwa kuchunwa. Walipotanabahi ilikuwa imechelewa. Tawi la nyuma likakatika. Mashua ikainama, na masanduku yakateleza yakaanguka matopeni, moja juu ya jingine, kwa kishindo kilichosikika hata na viziwi.

Bombomu ikafungua kinywa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wale watatu walipofanya kila mmoja la kwake.

Nkwabi hakungoja amri. Alisema neno moja la Kisukuma ambalo hakulifafanua mpaka leo, akajitosa matopeni. Risasi zilikuwa zinaichana mashua juu ya kichwa chake, vipande vya mbao vinamwangukia. Alizama hadi mapajani, akajichomoa, akazama tena. Akafika kwenye masanduku, akalitia la kwanza kichwani, akarudi nalo. Akalitua mbele ya Sajini, akageuka.

"Nkwabi! Rudi!"

"Hilo moja halitoshi, Sajini!"

Akaenda tena. Aliporudi na la pili, risasi ilikuwa imemng'oa kipande cha sikio, na damu inachirizika shingoni. Alikuwa bado anaongea. Pasipo masanduku yale wangekuwa wamekwenda kumtembelea Mjapani mikono mitupu.

Arap Chumo alikuwa amelala ubavuni mwa Sajini, bren begani.

"Piga!" Sajini akamwambia. "Mfunike mwenzako! Piga!"

"Imekwama," Chumo akasema.

Sajini akaomba. Hakukuwa na lingine la kufanya. Bombomu ikapiga mkupuo, ikanyamaza, ikapiga mkupuo mwingine, na katikati yake Chumo alikuwa amefumba macho kama mtu aliyelala kanisani. Mara akafumbua.

"Haiko juu," akasema.

"Nini haiko juu?"

"Bombomu. Sauti inakwenda kilimani, inarudi. Tunayoisikia juu ni inayorudi. Yenyewe iko chini, kwenye tuta la mpunga, pale penye kisiki cha mnazi. Wanapigia tunduni."

Sajini akatazama. Aliona tuta kama matuta mengine yote. Akatazama tena, akaona majani yake yanatikisika na hakuna upepo. Jamani! Siku zote zile watu walikuwa wanakufa wakitazama hekalu, na mauti yao iko miguuni pao.

Kati ya mikoko na tuta lile palikuwa na uwanda wa matope mtupu, unang'aa juani. Mjapani hakuweka mlinzi upande ule, maana nani atapita? Hapo ikawa zamu ya Chengo. Alivua viatu, akavitundika shingoni.

"Mkanyage nilipokanyaga," akasema. "Siyo karibu na nilipokanyaga. Palepale. Penye mizizi iliyochomoza kama vidole, ardhi inashika. Penye kung'aa vizuri hivyo, ni kaburi."

"Na ukikosea?" Nkwabi akauliza.

"Nikikosea utanitoa. Si una shingo?"

Wakatoka, kampuni nayo imeanza kushambulia upande wa pili, na bombomu imegeuza uso kuwaelekea wale. Chengo mbele, anachagua, anapinda kushoto, anarudi nyuma, anapinda kulia. Chumo nyuma yake akimwelekeza kwa kidole kila bombomu iliposema. Nkwabi na sanduku kichwani. Sajini na waliobaki nyuma yao. Hapo hata mtoto angeweza kuwaua wote kwa fimbo, lakini hakuna aliyegeuka kuwatazama. Wakafika nyuma ya tuta wamevaa matope mpaka kwenye nyusi. Sajini akafungua sanduku, kila mtu akachukua lake, wakatupa kwa pamoja.

Bombomu ikanyamaza.

Kampuni ikapanda. Jioni kengele zilizobaki zililia na askari wetu walikuwa wamekaa chini yake. Sajini alishuka peke yake mpaka kwenye lile tundu, akawaona waliokuwa ndani. Walikuwa vijana, na mmoja alikuwa amefunga ndala zake kwa kamba ili zisiibwe na matope, kama walivyofanya askari wake mwenyewe. Akavua kofia. Akasimama hapo mpaka akaitwa.

Aliyemwita alikuwa Kapteni wao, Mzungu mrefu aliyekuwa hajalala, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika.

"Sajini, iko meli ya majeruhi nje ya mlango wa bahari. Inarudi Mombasa. Majeruhi wetu wanataka mtu wa kuwasindikiza, anayejua lugha yao. Nafasi moja. Akifika Mombasa harudi tena vitani. Anakwenda kwao."

"Ndiyo, afande."

"Wakubwa wametoa nafasi hiyo kwa kampuni yetu kwa sababu ya bombomu. Mimi nimeipa seksheni yako. Si huruma, Sajini. Kila mtu ana mama. Ni zawadi. Mpe yule aliyeinyamazisha."

"Aliyeinyamazisha ni nani, afande?"

"Mimi nilikuwa upande mwingine, nimelala chini. Wewe ulikuwepo. Kesho asubuhi maji yakiwa juu, motaboti inakuja. Nataka jina."

Kisha akatazama upande wa kaskazini, na Sajini akatazama alikotazama. Nyuma ya Kilima cha Kengele kulikuwa na kilima kingine, kirefu zaidi, cheusi kwa msitu, na tangu mchana watu walikuwa wameona moshi wa mapishi juu yake, moshi mwingi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kampuni itakwenda wapi baada ya hapo, wala wangapi watashuka.

Sajini akawapelekea habari. Nkwabi akacheka, akashika bandeji ya sikio lake.

"Basi nifungieni mzigo. Sanduku zile hazikutembea zenyewe."

"Ungezipeleka wapi?" Chengo akasema. "Ungekuwa mpaka sasa umesimama matopeni kama mnazi, ndege wanakulia kichwani. Aliyewavusha ni nani?"

"Ulituvusha kwenda wapi?" Hii ilikuwa sauti ya Chumo, na kwa kuwa alisema mara chache wote wakamgeukia. "Ungewavusha mpaka hekaluni. Mngekwenda kuyarushia mabomu majengo."

"Haya, mwenye masikio kasema!" Nkwabi akadakia.

"Wewe Nkwabi, lako limebaki nusu, usiseme mambo ya masikio," Chengo akamwambia.

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wanaotaka kitu kimoja na wanaoneana aibu kukitaka. Na Sajini akacheka, moyoni anaumia, maana aliona wote wanasema kweli. Ukimtoa mmoja, bombomu bado inasema. Akafikiri kupiga kura. Akafikiri kumwomba Kapteni achague mwenyewe. Kisha akaona birika linachemka, na jua linagusa bahari.

"Tufagie kwanza," akasema.

Akaanza yeye, kama kawaida. "Ndugu zangu, Kapteni aliponiambia nitaje jina, jina la kwanza lililonijia moyoni ni Zakayo Mghanga. Nililiweka mdomoni nikalionja. Lilikuwa tamu. Nimelitema, lakini nililionja. Mungu anirehemu."

Hakuna aliyecheka. Nkwabi akafuata. "Langu mmeliona wote. Nilifunga kamba fupi. Nilijisifu mtumbwi, nikasahau bahari. Kama sio kamba yangu, sanduku hazianguki, bombomu haiamki, na sikio langu liko zima. Basi. Ndilo hilo."

Ikawa zamu ya Chengo. Alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Niliiona kamba," akasema.

"Kamba gani?"

"Ya Nkwabi. Alfajiri. Niliiona ni fupi, nikajua maji yakiondoka mashua itatundikwa. Nilifungua mdomo nikaufunga. Alikuwa ameniambia nikacheze na kaa, na ninyi mkacheka. Nikasema moyoni, acha ining'inie kidogo, nami nicheke. Sikufikiria sanduku. Wallahi sikufikiria. Nilifikiria kucheka."

Nkwabi akamtazama kwa muda. "Imefagiwa," akasema, lakini ilitoka kwa shida.

Chumo akabaki. Alikaa kimya mpaka wakadhani siku hiyo hana kosa, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa mtu yeyote katika seksheni ile.

"Bren haikukwama," akasema.

Sajini akaweka kikombe chini.

"Haikukwama, Sajini. Nilikudanganya. Bren ikipiga kando ya sikio langu, sisikii tena kitu kwa muda mrefu. Mkupuo wa kwanza nilisikia kitu hakikai sawa. Nilitaka wa pili. Wa pili ukaniambia chini, haukuniambia wapi. Nilitaka mwingine. Nilijua wanampiga nani. Nilikuwa namwona. Nikamwacha, nikafumba macho, nikasikiliza."

Birika lilikuwa linafurika na hakuna aliyeliondoa motoni.

"Ulinifanya chambo," Nkwabi akasema.

"Nilikufanya chambo."

"Nilikuwa narudi mara ya pili. Ulisema moyoni, acha arudi?"

Chumo akaitika kwa kichwa.

Nkwabi akasimama. Lilikuwa jitu kubwa, na Sajini naye akasimama, asijue atamzuiaje. Lakini Nkwabi aliondoka tu, akaenda mpaka kwenye ukingo wa kilima, akasimama huko amewapa mgongo. Kengele zikalia. Baadaye akarudi, akaondoa birika motoni, akamimina chai ya Sajini, akamimina ya Chengo, akamimina ya kwake. Akaweka birika chini mbele ya Chumo.

"Imefagiwa," akasema. "Kanuni ni kanuni. Ila leo utajimiminia mwenyewe."

Usiku ule Sajini alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida yake. Alitazamia kwamba kufagia kutamrahisishia, kutamwonyesha mmoja aliye safi. Kumbe sasa kila tendo jema limeshikana na kosa lake kama mzizi na tope. Ushujaa wa Nkwabi ulikuwa ni wa kurekebisha alichoharibu yeye mwenyewe. Njia ya Chengo iliwaokoa na balaa ambayo Chengo angeizuia kwa neno moja. Na masikio ya Chumo, ambayo yaliokoa kampuni nzima, yalilipiwa na sikio la mwenzake, kwa uongo.

Halafu akakumbuka kanuni. Ulichokiungama hakihesabiwi. Akiyahesabu makosa yale, amewatega vijana wake: amewaambia semeni salama, kisha amewahukumu kwa waliyoyasema. Asipoyahesabu, watatu wako sawasawa, hakuna hata unywele wa kuwatofautisha. Na tena, kosa la Nkwabi lilionekana na watu wote; lile hata bila kuungamwa lingejulikana. Ya Chengo na Chumo yangekufa nao kama wasingefungua midomo. Je, mwenye kosa la wazi ndiye apoteze, na wenye kosa la siri wafichwe na kanuni? Au waliojifunua wenyewe bila kulazimishwa ndio wamefanya jambo kubwa kuliko yote ya siku ile?

Aliomba jibu. Akapata usingizi.

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa, na motaboti ikaja inatatarika, ikaegeshwa kwenye gati bovu la wavuvi wa kule. Machela zikaanza kupakiwa. Sajini akawapanga watatu mbele yake.

"Kabla sijasema neno, kila mtu aseme lake. Ungemtuma nani?"

"Mimi," Nkwabi akasema papo hapo. "Msinitazame hivyo. Mnataka niseme uongo asubuhi yote hii? Nataka kwenda nyumbani. Nimechoka na matope, na Chumo nimemsamehe nusu, nusu nyingine itahitaji umbali."

Chengo akasema, "Mpe Nkwabi," kisha akasita, akatazama kile kilima cheusi chenye moshi. "Nimesema mpe Nkwabi. Lakini, Sajini, ukiniita mimi sitakataa. Nalisema hili ili nisije nikalifagia jioni."

Ikawa zamu ya Chumo. Sajini alimngoja. Chumo alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, kama anavyofanya siku zote kabla ya vita.

"Sema, Chumo."

"Kule juu wana bombomu nyingi, Sajini," akasema. "Nimezisikia zikijaribiwa alfajiri. Ninajua ziko wapi mbili. Hilo ndilo ninalolijua. La nani aende, silijui."

Ndipo Sajini akaona ugumu ambao usiku hakuuona. Akimtuma Chumo, kampuni itapanda kilima kile bila masikio. Lakini Kapteni alisema zawadi. Je, mtu anyimwe zawadi yake kwa kuwa ni wa maana sana? Kama ndivyo, basi tumemfundisha kila askari kuwa mzembe.

"Sajini!" Kapteni akaita kutoka gatini. "Maji hayangoji. Jina!"

Sajini Mghanga akavua kofia. Akawatazama wale watatu: mwenye miguu, mwenye masikio, mwenye shingo. Nao wakamtazama. Hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Nyuma yao, gatini, mtu fulani alikuwa ameifunga motaboti, na Sajini akaona kwamba kamba ilikuwa imeachwa ndefu, imelegea vizuri, ya kutosha maji yashuke yanavyotaka. Hakujua ni nani kati yao aliyekwenda kuifunga upya. Bahari ilikuwa imeanza kuivuta.

Akafungua mdomo, na jina likawa kwenye ulimi.

Mimi hapo ndipo ninapokomea. Mzigo huu nautua katikati yenu, na asiwepo wa kusema hakupata nafasi ya kuushika. Msiniambie wote watatu, maana nafasi ni moja. Msiniambie apewe majeruhi, maana hao wameshapakiwa. Na atakayetaja makosa yao, anijibu kwanza kama angekaa tena na watu hao jioni, birika likichemka, akawaambia wafagie.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza. Sajini ni wewe, maji yanaondoka, na watatu wanakutazama usoni. Unamwita nani?